Paji la Waklingoni: ilikuwa lazima watueleze?

Nahodha Mstaafu
Wakuu, habari zenu. Nimemaliza kuirudia Star Trek, zile tamthilia za safari za angani, kuanzia ile ya 1966 mpaka Enterprise, na kuna jambo limenikaa rohoni. Nalileta hapa tulijadili.

Waklingoni, lile taifa la wapiganaji wa sayari nyingine, enzi za Kirk, nahodha wa tamthilia ya kwanza, walikuwa na paji laini. Kor, kamanda wao, alipoingia mara ya kwanza mwaka 1967 alikuwa mtu aliyepakwa rangi usoni, akatengenezwa nyusi na kuwekewa masharubu, basi. Mwaka 1979 filamu ya kwanza ikawaleta na matuta ya mfupa kwenye paji, na matuta hayakutoka tena. Worf, Mklingoni wa tamthilia za baadaye, tumekaa naye miaka yote ile na matuta yake. Kila mtu alielewa kwamba bajeti imekua na wapambaji wamepata nafasi ya kuonyesha kazi.

Halafu 1996 tamthilia ya Deep Space Nine wakafanya jambo la busara kuliko yote. Sisko, mkuu wa kituo chao, na watu wake wanarudi nyuma kwa wakati mpaka ndani ya chombo cha Kirk, kwenye kile kisa cha tribble, vile viumbe vidogo vya manyoya, wanawaona Waklingoni wa paji laini, wote wanamgeukia Worf. Worf anawajibu kwamba hayo hawayazungumzi na watu wa nje. Mlango umefungwa kwa heshima. Mimi niliridhika kabisa.

Mwaka 2005 Enterprise, tamthilia ya enzi za kabla ya Kirk, wakauvunja mlango. Sehemu mbili nzima za kutueleza kwamba Waklingoni walijaribu kuboresha askari wao kwa vinasaba vya binadamu walioboreshwa, jaribio likageuka virusi, Dkt. Phlox wa chombo cha Enterprise akapata tiba iliyookoa maisha ikaacha mapaji laini. Fumbo likawa ripoti ya maabara.

Swali langu: ilikuwa lazima? Na ninajua walimfanyia nani. Waliwafanyia wale watazamaji wanaokaa na daftari kuhesabu topido, yale makombora ya chombo cha tamthilia ya Voyager. Wale hawatazami hadithi, wanakagua stoo.

Sauti ya Injini
Umenena, mkuu. Jibu la Worf lilitosha kwa sababu lilitoka kwa Worf. Angelisema mtu mwingine lingekuwa ukwepaji, lakini yeye ni mtu wa heshima na aibu, na pale unaona ni aibu ya taifa zima. Ukishaniambia ni mafua, aibu inaisha.

Binti Sayari
Nahodha, umeruka mwaka 1994. Miaka miwili kabla ya jibu la Worf, Deep Space Nine hiyo hiyo iliwarudisha Kor, Koloth na Kang, Waklingoni watatu wa enzi za Kirk, wakiwa wazee, kwenye kile kisa cha kiapo cha damu dhidi ya yule Albino aliyewaulia watoto wao wa kwanza. Waigizaji walikuwa wale wale wa miaka ya sitini: John Colicos, William Campbell na Michael Ansara. Na wote watatu walikuwa na matuta.

Kwa hiyo kabla Worf hajafungua kinywa, tamthilia ilikuwa imeshasema kwamba hawa ni watu wale wale na sura zao zimebadilika. Hilo ni deni, si fumbo. Na ufafanuzi wa 2005 unaeleza namna matuta yalivyopotea tu. Haukueleza Kor aliyapata vipi uzeeni. Malalamiko yako ni kwamba walieleza mno. Mimi naona walieleza nusu.

Kalamu Nyekundu
Nahodha Mstaafu amesema: "Wale hawatazami hadithi, wanakagua stoo."

Mwenye daftari ni mimi. Ninalo mpaka leo na sioni aibu.

Hebu nikuulize. Voyager inaanza 1995 kwa kutuambia nini? Chombo kimoja, kimetupwa miaka nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75 kwa mwendo wao. Msimu huo huo wa kwanza tunaambiwa topido zilizopo ni 38, na nahodha wao Janeway mwenyewe anasema zikiisha hakuna namna ya kupata nyingine. Hiyo sentensi haikutoka kwenye daftari langu, waliiandika wao. Waliniambia: hesabu. Nikahesabu. Zikapita 38 na hakuna aliyestuka ndani ya chombo kile.

Sasa nani asiyetazama hadithi? Mimi niliyemwamini Janeway, au waandishi waliomsahau?

Jicho la Tatu
Si zilikuwa 36?

Kalamu Nyekundu
38. Ndiyo maana daftari linahitajika.

Mzee wa Mnara
Ndugu zangu, mimi nimeanza kutazama hizi kazi kabla wengi humu hamjajua kusoma. Zamani mtu alitazama sehemu ya wiki hii, akasubiri ya wiki ijayo. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kurudisha nyuma akahesabu. Waandishi waliandika kwa ajili ya mtu wa aina hiyo. Kaburi ambalo Gary Mitchell, rafiki aliyegeuka adui, anamchongea Kirk limeandikwa James R. Kirk, baadaye tukaambiwa ni James T., na dunia haikusimama. Watoto wa juzi mnachukua kazi iliyofanywa kwa haraka ya wiki kwa wiki mnaipima kwa rula.

Kalamu Nyekundu
Mzee, kwa heshima zote, umri si hoja. R na T ni herufi kwenye jiwe, na hakuna sehemu ya hadithi inayoegemea hapo. Topido 38 ndizo uhaba wenyewe, na uhaba ndio hadithi yenyewe. Ukiondoa uhaba, Voyager inabaki chombo kinachotembea tu.

Jicho la Tatu
Lakini mkuu, kwenye msimu wa tano si walijenga Delta Flyer? Chombo kizima kidogo, rubani Tom Paris akakichora, wakakiunda humo humo ndani. Anayeweza kuunda chombo anashindwa kuunda topido?

Kalamu Nyekundu
Hiyo ni 1998. Ilibidi waseme. Sentensi moja tu: mhandisi Torres anaingia, anamwambia Janeway tumepata njia ya kutengeneza topido, Janeway anapumua. Sekunde kumi. Ningefunga daftari siku hiyo hiyo.

Jicho la Tatu
Na kile kisa cha Voyager cha mwaka wa jehanamu, zile sehemu mbili za 1997, umehesabu na zile?

Kalamu Nyekundu
Hapana. Mwishoni muda ulirudishwa nyuma, yote yakawa hayakutokea. Topido za pale zimerudi stoo.

Jicho la Tatu
Hapo sikubali. Zilirushwa mbele ya macho yangu. Kama tunahesabu kwa kile kilichoonekana kwenye skrini, basi zihesabiwe. Kama tunahesabu kwa mantiki ya ndani ya hadithi, basi kubali na mantiki ya kwamba waliziunda nje ya skrini. Huwezi kushika kamba pande zote mbili.

Kalamu Nyekundu
Naweza, maana si kamba moja. Kurudi kwa muda kulionyeshwa. Kuziunda hakukuonyeshwa. Mstari wangu uko wazi: kilichosemwa au kuonyeshwa kinahesabika, cha kudhani hakihesabiki.

Sauti ya Injini
Kwa mstari huo basi hesabu na hili: mwaka 1996 Voyager iligawanyika ikawa mbili. Kwenye moja Harry Kim, yule afisa kijana, alifyonzwa angani akafa, na mtoto mchanga wa Wildman, mfanyakazi mwingine wa chombo, akafa pia. Ile ya pili ikajilipua ili hii ipone, na kabla haijalipuka wakamvusha Harry wa kule pamoja na kichanga. Harry tuliyemaliza naye mpaka 2001 siye tuliyeanza naye. Topido za kile chombo cha pili unaziweka upande gani?

Kalamu Nyekundu
Zililipuka na chombo chake. Lakini umenigusa hapo kwa Harry. Yule mtu aliona wenzake wote wakifa, akaingia kwenye chombo ambacho kila mtu ana sura ya marehemu wake, akalala kitanda cha marehemu ambaye ni yeye mwenyewe. Muda mfupi baadaye anapiga muziki. Hilo linaniuma kuliko topido.

Mzee wa Mnara
Na wakamwacha kwenye cheo kile kile cha chini miaka saba. Kijana alikufa kazini, akarudi kazini, na hata nyota moja ya ziada hakupewa.

Nahodha Mstaafu
Wakuu, uzi huu ulihusu mapaji.

Jicho la Tatu
Uliyataja mwenyewe mambo ya topido.

Nahodha Mstaafu
Niliyataja kwa mfano.

Binti Sayari
Bado nasubiri mtu aniambie kuhusu Kor, Koloth na Kang.

Jicho la Tatu
Mimi naona makosa yote ni sawa, na dawa ni moja: kuyaacha. Chukueni Khan, yule adui aliyeboreshwa vinasaba akalazwa usingizi wa karne nyingi, na Chekov, afisa wa Kirk. Khan anamwona Chekov kwenye filamu ya 1982, anasema hasahau sura, wakati Khan alipopita kwenye chombo cha Kirk Chekov hakuwepo kabisa, aliingia msimu wa tatu. Kosa la wazi. Na filamu ile ndiyo wengi wanaipenda kuliko zote. Hakuna aliyekosa usingizi.

Sauti ya Injini
Msimu wa pili, mkuu. Khan alionekana Februari 1967, Chekov akaanza kuonekana vuli ya mwaka huo huo.

Binti Sayari
Na hata hivyo si kosa la wazi kama mnavyodhani. Angalieni tarehe za nyota, zile namba za kalenda yao zinazotajwa na nahodha. Kisa cha Khan kina 3141.9. Kile kisa cha wachawi na ngome, ambacho Chekov yupo amekaa kwenye kiti chake, kina 3018.2. Kwa hesabu ya ndani ya hadithi, Chekov alikuwa tayari chomboni Khan alipoamshwa. Hatukumwona tu.

Kalamu Nyekundu
Dada, unaona? Hiyo ndiyo raha yenyewe. Mtu amesoma namba mbili ambazo waandishi hawakuzipanga kwa nia hiyo, na pengo limeziba bila kuongeza hata neno moja.

Mzee wa Mnara
Binti, tarehe za nyota za tamthilia ile hazina mpangilio. Zilitajwa ovyo. Ukizifuata zote, utamkuta Kirk akiruka mbele na nyuma kama panzi.

Binti Sayari
Najua, mzee. Sisemi waandishi walikusudia. Nasema hadithi inaruhusu. Walter Koenig, aliyemwigiza Chekov, mwenyewe amekuwa akiwachekesha mashabiki kwamba Khan alimjua Chekov kwa sababu siku ile Chekov alikaa chooni muda mrefu na Khan yuko nje anasubiri. Muigizaji mwenyewe ameziba pengo kwa njia yake, na mimi nimeziba kwa yangu. Hakuna aliyehitaji sehemu mbili za dakika arobaini na kitu.

Nahodha Mstaafu
Asante! Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo. Mtazamaji aachiwe azibe.

Binti Sayari
Sicho ulichosema. Ulisema wanaoziba wanakagua stoo.

Sauti ya Injini
Hapo amekupata.

Mzee wa Mnara
Nataka nilijibu lile la "umri si hoja". Sikusema kwa kujitukuza. Nilisema kwa sababu nimeona jambo likitokea polepole. Zamani hadithi mpya ilikuwa na uhuru. Leo kila mwandishi anaandika huku akitazama nyuma, anaogopa. Sasa mpaka Khan mwenyewe wamemhamisha. Tuliambiwa 1967 kwamba vita vya walioboreshwa vinasaba vilikuwa miaka ya 1990. Miaka ya 1990 ikaja ikapita. Badala ya kuacha, tamthilia mpya ya Strange New Worlds mwaka 2023 wakamleta mpelelezi wa Kiromulani, taifa jingine adui, anayelalamika kwamba mambo haya yalipaswa kutokea 1992, na yeye amekwama hapa miaka 30 akimsubiri mtoto Khan, kwa sababu watu wamekuwa wakichezea historia. Yaani kalenda yetu imewalazimisha kuikunja yao. Nilipoiona sehemu ile nilisikitika kweli.

Kalamu Nyekundu
Mimi nilifurahi. Nilidhani watanyamaza. Badala yake walisema kwa sauti kwamba kuna pengo, wakalifanya kuwa jeraha la mtu: yule mwanamke amezeeka akisubiri mauaji ambayo hayaji. Pengo limekuwa uchungu wa mhusika. Hiyo si sawa na kuogopa, mzee.

Mzee wa Mnara
Kwangu ilikuwa kuogopa.

Jicho la Tatu
Turudi kwenye topido. Nimezirudia sehemu kadhaa jana usiku na ninasema tena, Kalamu ana upendeleo kwenye hesabu yake. Anahesabu kila mmweko. Kuna mahali chombo kinarusha mara moja, picha ikakatwa, ikaonyeshwa tena kwa pembe nyingine, naye anaandika mbili.

Kalamu Nyekundu
Usinilishe maneno. Pembe mbili ni moja. Nilishasema mwanzoni kilichosemwa au kuonyeshwa. Amri ikitolewa "rusha" nahesabu kwa amri, si kwa mmweko.

Jicho la Tatu
Na ikisemwa "rusha kwa mfululizo" bila idadi?

Kalamu Nyekundu
Hapo nahesabu ninazoziona.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo kwa mmweko.

Kalamu Nyekundu
Jicho, unatafuta ugomvi.

Jicho la Tatu
Natafuta kanuni. Wewe ndiye uliyeleta kanuni.

Kalamu Nyekundu
Sawa. Ngoja niwaambie daftari lilitoka wapi, halafu mseme mtakavyo.

Voyager hatukuitazama kwa mpangilio. Mimi na dada yangu tuliipata kwa vipande, kanda zilizorekodiwa na watu mbalimbali, hazikuandikwa kitu juu. Leo unapata sehemu ambayo Seven, mhusika aliyekuja baadaye, yupo, kesho unapata ambayo Kes, aliyeondoka, bado yupo, kesho kutwa wanamtaja mtu ambaye hujawahi kumwona. Tulikuwa tunataka kujua kipi kilitangulia kipi. Dada yangu ndiye aliyekumbuka ile sentensi ya Janeway. Akasema, topido zinapungua, kwa hiyo zikitajwa tutajua tuko wapi kwenye safari. Ndipo tukaanza kuandika. Tukaongeza na nani ana cheo gani, nani amekata nywele, wamebakisha miaka mingapi kufika nyumbani. Nywele za Kapteni Janeway zilitusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Topido hazikusaidia hata siku moja, maana hakuna aliyezitaja tena. Tulikuwa na safu nzima kwenye daftari iliyobaki na namba moja juu, 38, na chini yake hakuna kitu. Baadaye tulipopata mfululizo wote ndipo nikaanza kuijaza mwenyewe kwa kuhesabu, na nikaona zimepita.

Kwetu sisi mwendelezo haukuwa ukaguzi. Ulikuwa njia. Tulikuwa gizani na tamthilia ilikuwa imetuahidi taa.

Sauti ya Injini
Mkuu, hiyo safu tupu imenikaa.

Nahodha Mstaafu
Kalamu, neno "stoo" nalirudisha. Sikulitumia vizuri.

Lakini hoja yangu nabaki nayo, na naona umeinyoosha bila kukusudia. Ulichodai ni kwamba tamthilia itunze ahadi iliyotoa yenyewe. Voyager ilitoa ahadi ya topido, kweli. Waklingoni hawakutoa ahadi. Mwaka 1967 hakuna aliyeahidi kwamba paji laini litaelezwa. Kuna tofauti kati ya kulipa deni na kujitungia deni ili ulilipe.

Kalamu Nyekundu
Nimekusamehe. Hoja yako ya deni naikubali nusu. Kwa upande wa Voyager kuna ushahidi kwamba walijua wanadaiwa. Mwaka 1999 wakamleta Kapteni Ransom na chombo chake Equinox, kimekwama huko huko mbali, wafanyakazi wengi wamekufa, na yeye akafika mahali pa kuua viumbe ili awageuze kuwa nishati ya kufikia nyumbani. Ile ndiyo Voyager tuliyoahidiwa 1995. Waliipa watu wengine kwa sehemu mbili, halafu tukarudi kwenye vyumba safi na sare zilizopigwa pasi.

Kwa Waklingoni, muulize Binti Sayari. Alikujibu tangu siku ya kwanza.

Sauti ya Injini
Nimerudi kutazama zile sehemu mbili za 2005 kwa ajili ya dada Binti, kwa sababu ni kweli tumempuuza. Kuna jibu, na liko ndani. Mwishoni kabisa yule daktari wa Kiklingoni, Antaak, anajiuliza atafanya kazi gani sasa, na anasema anahisi upasuaji wa kurekebisha mafuvu utapendwa sana. Basi Kor, Koloth na Kang walifanyiwa upasuaji. Waandishi walikuwa wanawajua wale wazee watatu. Wamewaachia sentensi moja, kama ile ya sekunde kumi anayoitaka Kalamu.

Binti Sayari
Asante sana. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisahau, na nakubali inaziba.

Ila inanipa picha ninayoona ngumu kuikubali. Kor, mtu aliyejigamba kwa kila jeraha, analala kitandani mwa daktari atengenezewe paji? Na Kang naye? Lakini nikifikiri zaidi naona inawezekana, na ikiwa hivyo ni huzuni kubwa. Walizaliwa na sura waliyorithishwa na janga, maana mabadiliko yale yalipita kwa watoto, wakapigana na Kirk wakiwa na sura hiyo, wakasubiri mpaka watu wao walipoacha kuitambua sura ile. Nikiwatazama tena kwenye kiapo cha damu, nitawatazama kwa macho hayo.

Mzee wa Mnara
Binti, hapo umesema jambo. Nimeitazama ile sehemu ya 1994 mara nyingi na sikuwahi kuwaza hivyo.

Nahodha Mstaafu
Hata mimi. Nikiri kwamba bila 2005 usingeweza kuwaza hivyo.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo Nahodha umebadili msimamo?

Nahodha Mstaafu
Sijabadili. Nimesema nikiri jambo moja. Bado nasema heri ya Worf.

Jicho la Tatu
Na tamthilia ya Discovery je? Ile ya 2017 iko miaka kama kumi kabla ya Kirk, na Waklingoni wote wana mapaji makubwa kuliko ya Worf, vichwa havina hata unywele mmoja. Mwaka 2019 nywele zikaota. Paji laini hata mmoja hayupo. Strange New Worlds nao wakarudisha matuta ya zamani. Virusi vya Phlox vilikwenda wapi?

Sauti ya Injini
Phlox alizuia visienee kwa wote. Kwa hiyo walikuwepo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kirk alikutana na hawa, wengine wakakutana na wale.

Jicho la Tatu
Kirk alikutana na wa aina moja tu miaka mitatu mizima?

Kalamu Nyekundu
Hilo nalo naliandika.

Binti Sayari
Jicho, mimi linalonisumbua ni jingine, na ni la Nahodha ingawa hakulitaja. Worf alisema hawalizungumzii na watu wa nje. Bashir na O'Brien, watu wa Sisko, walikuwa wanabahatisha pale pale: ni vinasaba? ni virusi? Mwaka 2005 waandishi wakachukua makisio yote mawili wakayaunganisha. Nzuri. Lakini sasa tazama nani aliyeleta tiba. Phlox, daktari wa chombo cha Archer, nahodha wa Enterprise. Nani alikuwepo? Archer mwenyewe, mpaka akakubali virusi viingizwe mwilini mwake ili Phlox apate tiba haraka. Watu wa nje walijua tangu siku ya kwanza! Walikuwa ndani ya chumba. Halafu miaka zaidi ya 200 baadaye Bashir, daktari wa Shirikisho, ule muungano wa sayari wenye binadamu ndani yake, tena mtu ambaye vinasaba vyake mwenyewe viliboreshwa utotoni kama tulivyokuja kujua 1997, hana habari. Ugonjwa uliotokana na kuboresha vinasaba vya binadamu, na yeye hajawahi kuusoma popote?

Aibu aliyoifunika Worf ilikuwa ya Waklingoni. Ile ya 2005 ni aibu ya pande zote mbili, na upande mmoja ukasahau.

Nahodha Mstaafu
Hilo ndilo nililokuwa nalihisi nikashindwa kulisema. Walipoufungua mlango wa Worf, waliwakuta binadamu wameshakaa ndani.

Sauti ya Injini
Kitengo cha 31, lile shirika la siri la upande wa binadamu. Msisahau Reed, afisa wa Archer, alikuwa anawafanyia kazi kwa siri kwenye sehemu hizo hizo, na wao ndio waliokula njama na Waklingoni Phlox atekwe. Wangeweza kuzifuta kumbukumbu zote. Bashir angesoma wapi?

Binti Sayari
Inawezekana kabisa, na naipenda. Lakini ilisemwa kwenye skrini?

Sauti ya Injini
Kwamba walifuta? Hapana.

Kalamu Nyekundu
Basi safu hiyo iache tupu.